Mtoi Aliyegoma Kukua Akaomosha Familia: Stori ya Jenerali Tom Thumb

Stori ya Messi unaijua. Hakuna msee wa base pale Olympic, Sarang'ombe, hajawahi kuisikia: dogo mfupi wa Rosario, homoni ya kukua haitoki vile inafaa, anadungwa sindano kila usiku, Barcelona wanakubali kulipa bili, halafu dunia inamjua. Hiyo ni stori tamu na imesimuliwa hadi imechakaa. Leo nakupea ingine. Karibu miaka 150 kabla Messi azaliwe, kulikuwa na mtoi mwingine mwenye mwili wake ulikataa kuongezeka. Yeye hakupata sindano. Hakukuwa na daktari wa homoni, na hata neno homoni lenyewe halikuwa limebuniwa. Kulikuwa tu na fundi wa mbao, mke wake, na promota mmoja mwenye mdomo wa asali.

Jina lake halisi ni Charles Sherwood Stratton. Alizaliwa tarehe 4 Januari 1838, Bridgeport, mji wa pwani kwa jimbo la Connecticut, Marekani. Buda yake Sherwood alikuwa seremala, mathee yake anaitwa Cynthia. Watu wa kawaida kabisa, urefu wa kawaida, mfuko wa kawaida, na dada zake Charles wakakua kama watoi wengine. Sasa shika hii: Charles alizaliwa mkubwa. Kilo nne na kitu. Huyo ni mtoi ambaye hapa mtaani mashosho wangemwangalia wakasema mathee yake alikuwa anakula fiti.

Miezi sita ya kwanza, kila kitu sawa. Akafika karibu kilo 7 na urefu wa sentimita 64, ambayo ni sawa tu na mtoi yeyote wa miezi sita. Halafu akasimama. Si ati alipunguza mwendo. Alisimama kabisa. Akafika mwaka mmoja na nguo ni zile zile. Akafika miaka miwili, nguo ni zile zile. Meno yakamea, akaongea, akatembea, akawa mjanja kuliko umri wake, lakini ukimweka ukutani upime, alama ni ile ya miezi sita.

Jiweke kwa viatu vya Cynthia kidogo. Majirani wanaangalia. Wanauliza maswali yenye si maswali. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe aliamini shida ilianza akiwa na mimba, kwa sababu mbwa wao alikufa na akalia sana. Usimcheke. Enzi hizo watu wengi Marekani na Ulaya waliamini machungu ya mama mjamzito yanaweza kuandikwa kwa mwili wa mtoto. Na hapa kwetu mambo bado ni hayo kwa nguo tofauti. Mtoi akikosa kukua, kuna atakayesema ni jicho la mtu, kuna atakayesema mama alikula kitu si yake, na mara nyingi kuna mamake bwana anayeuliza kwani upande wenu mko hivyo. Karibu kila wakati lawama inaenda kwa mathee. Buda haulizwi kitu.

Kile kilikuwa kinaendelea kwa mwili wa Charles hakikuwa na uhusiano na mbwa. Chini ya ubongo wako kuna tezi ndogo, saizi ya punje ya njegere, inaitwa pituitari. Ndiyo inatoa homoni ya kukua. Ikikosa kutoa ya kutosha, mifupa hairefuki. Charles hakuwahi kupimwa damu, kwa hivyo cheti cha daktari hakipo, lakini madaktari wengi walioangalia rekodi zake baadaye wanaona dalili ni za hiyo tezi. Mwili wake ulikuwa na vipimo sawa, mikono na miguu ikilingana na kiwiliwili, kama picha ya mtu mzima iliyopunguzwa. Na hata ule uzito wa kuzaliwa haupingi. Mtoi akiwa tumboni hategemei sana hiyo homoni, ndiyo maana anaweza kuzaliwa na kilo zake zote halafu shida ijitokeze baadaye, wakati hakuna anayeitarajia.

Novemba 1842 ndipo promota anaingia kwa stori. Phineas Taylor Barnum. Kama hujawahi kusikia huyo jamaa, chukua kila menija mjanja wa Nairobi unayemjua, wachanganye, halafu uwape jumba lao la maonyesho katikati ya New York. Hiyo nyumba iliitwa American Museum, na ndani kulikuwa na kila kitu, cha ukweli na cha uongo. Na kabla hujampenda kwa ujanja wake, jua kitu kimoja. Mwaka 1835 alikuwa amejichukulia mama mzee Mweusi, mtumwa, jina Joice Heth, akamzungusha miji ya Marekani akidai ana miaka 161 na kwamba alimlea rais wa kwanza George Washington. Alipokufa mwaka uliofuata, Barnum akauza tiketi watu waangalie maiti ikipasuliwa. Huyo ndiye mtu alibisha mlango wa kina Stratton.

Alikuwa anapitia Bridgeport, akasikia kuna mtoi wa ajabu, akaomba aletwe. Akamwona Charles: hajafika miaka mitano, sentimita 64, kilo 7, ana haya. Deal ikapigwa. Dola 3 kwa wiki, chakula na malazi juu, mathee aende New York na mtoi wake, wajaribu wiki nne. Kwa familia ya seremala, hiyo haikuwa doh ya kukataa.

Hapa ndipo mimi huwa nashindwa kuwahukumu hao wazazi haraka. Una mtoi ambaye hakuna daktari anaweza kukueleza ana nini. Hujui kama ataishi. Shule itamcheka, kazi ya mikono hataiweza, na wewe ukifa atabaki na nani? Halafu anakuja mtu na suti anakwambia hiyo shida yenyewe ni mshahara. Ungefanya nini? Fikiria kabla ujibu.

Walipofika New York mwezi wa kumi na mbili, Cynthia alikuta mabango tayari. Charles Stratton wa Bridgeport hakuwepo tena. Kulikuwa na Jenerali Tom Thumb, jina la kijana mdogo kama kidole gumba wa hadithi za Kiingereza. Bango lilisema ametoka London. Lilisema pia ana miaka 11. Barnum alikuwa amefanya hesabu yake: mtoi wa miaka minne mwenye ni mfupi, watu watasema ngoja atakua. Wa miaka 11, watalipa.

Barnum akamfundisha yeye mwenyewe, usiku na mchana. Kuimba, kudansi, kutupa mistari ya kuchekesha, kuvaa kama Napoleon na kutembea mikono nyuma. Na Charles alikuwa moto. Hii lazima isemwe, kwa sababu watu husimulia kana kwamba alikuwa sanamu ya kuwekwa mezani. Alikuwa na taimingi ya komedi ambayo huwezi kufundisha mtu asiyekuwa nayo. Angekuwa mrefu bado angekuwa kwa jukwaa. Lakini pia kuna upande mwingine: akiwa na miaka mitano alikuwa anapewa divai, na akiwa saba anavuta sigara kubwa, kwa sababu umati ulikuwa unacheka. Watu wazima wanalipa kuona mtoi akilewa. Mshahara ukapanda hadi dola 7, halafu 25.

Januari 1844 wakapanda meli kwenda Uingereza, Charles, wazazi wake wote wawili, mwalimu, na Barnum. Seremala Sherwood sasa kazi yake ilikuwa kuuza tiketi za shoo za mtoto wake. Machi wakaitwa Buckingham Palace kwa Malkia Victoria. Charles akaimba, akadansi, akamwigiza Napoleon, malkia akacheka. Wakati wa kutoka, itifaki ilisema huwezi kumpa malkia mgongo, lazima urudi kinyumenyume. Miguu ya Charles ilikuwa mifupi, akaachwa nyuma na Barnum, kwa hivyo akageuka, akakimbia hatua kadhaa, akageuka tena, akaanza kurudi kinyumenyume. Mbwa wa malkia akaona hiyo ni vita, akamrukia. Mtoi wa miaka sita akapigana na mbwa kwa kifimbo chake cha jukwaani huku ikulu nzima ikianguka kwa kicheko. Hiyo kontenti ingekuwa leo, ingetrendi wiki mbili.

London ikapagawa. Akatengenezewa gari dogo la kukokotwa na farasi wadogo. Wimbi lilikuwa kubwa hadi likaacha majeruhi: mwaka 1846, mchoraji Benjamin Robert Haydon alikuwa ameweka maonyesho ya picha zake kwa jumba moja na Tom Thumb, Egyptian Hall. Umati ulipita mlango wake ukaenda kwa mtoi. Haydon alikuwa na madeni ya miaka na matatizo mengi mengine, na mwezi Juni mwaka huo alijiua. Charles hakuwa na kosa hapo, alikuwa na miaka minane.

Walirudi Marekani 1847 wakiwa wameomoka. Sherwood akajenga nyumba mpya Bridgeport na vyumba vingine ndani vikatengenezwa kwa kipimo cha Charles. Na mwaka huo huo, mwili ukaanza kusonga tena. Polepole sana, tone kwa tone. Miaka 18, alikuwa karibu sentimita 83. Miaka 21, karibu 89. Alipokufa alikuwa amefika karibu 102. Yaani jamaa alikuwa bado anarefuka akiwa mtu mzima mwenye ndevu, wakati mifupa ya wengine imefunga zamani.

Acha nisimamishe stori hapo kidogo, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo inaweza kukusaidia kama una mtoi, ama dada yako ana mtoi, pale Gatwekera ama Kianda.

Mtoi wa kawaida huongeza kama sentimita 25 mwaka wa kwanza, karibu 12 mwaka wa pili, halafu kuanzia kama miaka minne huwa ni tano ama sita kila mwaka hadi abalehe. Kile kitabu cha kliniki ulichopewa ukiwa na mimba kina chati ya hiyo kitu. Shida yetu tunajua: tunaenda kliniki kwa sababu ya chanjo. Chanjo ikiisha, mtoi akiwa mwaka na nusu hivi, kitabu kinaingia chini ya godoro na hakitoki tena mpaka chekechea waulize. Na ni hapo katikati, mwaka na nusu hadi mitano, ndipo mtoi anaweza kusimama bila mtu kugundua. Mara nyingine dalili ya kwanza hata haitoki hospitali. Ni ile suruali ya Toi Market uliyomnunulia mwaka juzi, bado inamtosha vizuri.

Si kila mtoi mfupi ana shida ya homoni, na mtu asikuuzie hiyo. Kenya, ripoti ya kitaifa ya afya ya 2022 ilisema asilimia 18 ya watoi chini ya miaka mitano wamedumaa, na sababu kubwa ni zile unazijua: chakula hakitoshi ama ni ugali na chai tu, kuhara kila mwezi kwa sababu ya maji machafu, minyoo, maradhi ya kurudiarudia. Wengine ni wafupi kwa sababu wewe na buda yao ni wafupi, na wako sawa. Lakini mtoi anayekula vizuri, hana maradhi, na mstari wake kwa chati umelala chini kama barabara, huyo anahitaji kuonwa. Daktari ataanza na kipimo, si mara moja tu, ni baada ya miezi kadhaa tena. Kisha damu, pamoja na tezi ya shingo, kwa sababu hiyo pia ikilala, mtoi hakui. Kuna picha ya eksirei ya mkono wa kushoto inayoonyesha umri wa mifupa. Kutoka zahanati ya mtaani unaweza kuandikiwa barua hadi Mbagathi ama Kenyatta, na madaktari wa watoto waliobobea kwa homoni wapo Nairobi. Tangu 2008 kuna programu hapa hapa jijini inayowafundisha wenzao kutoka nchi zingine za Afrika. Hao watu si wengi, foleni ni ndefu, na sindano yenyewe ni ghali, inadungwa kila siku kwa miaka. Sikudanganyi kwamba ni rahisi. Lakini ina muda wake. Mifupa ikifunga, sindano haisaidii tena kurefuka, kwa hivyo kule kusubiri aamke mwenyewe ndiko kunakula nafasi.

Charles hangepata hiyo sindano hata angekuwa mtoto wa malkia. Homoni ya kwanza kumsaidia mtoto kukua iliripotiwa 1958 na daktari Maurice Raben, Marekani, na ilikuwa inatolewa kwa maiti. Mwaka 1985 ikasimamishwa baada ya baadhi ya waliodungwa kupata ugonjwa wa ubongo unaoua, na ile ya maabara ikaingia mwaka huo huo. Hiyo ya maabara ndiyo inatumika hadi leo.

Turudi kwa Jenerali. Alipokuwa mtu mzima, mambo yaligeuka kwa njia ambayo sikuitarajia. Barnum alifilisika mwaka 1856 baada ya kuingiza pesa kwa kampuni ya saa iliyoanguka. Charles, ambaye sasa alikuwa na doh yake, alijitolea kumsaidia, wakarudi Ulaya pamoja kupiga shoo hadi mzee akasimama tena. Unaweza kusema ni moyo mzuri. Unaweza pia kusema ni mtoi aliyelelewa na menija hadi hajui kuishi bila yeye. Mimi naona zote mbili ni kweli.

Tarehe 10 Februari 1863 akaoa Lavinia Warren, mwalimu wa zamani, naye mfupi kama yeye, kwa kanisa la Grace Church, New York. Marekani ilikuwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu wanakufa kwa maelfu, lakini harusi hiyo ikachukua kurasa za mbele za magazeti. Siku chache baadaye Rais Abraham Lincoln akawakaribisha White House.

Halafu kukaja ile kitu mimi naona ni chafu kuliko divai na sigara. Umma ulitaka mtoto. Barnum akawapa mtoto. Picha zikauzwa, Charles, Lavinia na kichanga mikononi, na kwa ziara wakawa wanatembea naye. Mtoto hakuwa wao. Lavinia alikuja kukubali baadaye kwamba walikuwa wanaazima vichanga, kila nchi wanayoenda wanapata mwingine, kwa sababu yule wa kwanza alikuwa anakua. Hebu fikiria hiyo kejeli. Charles, ambaye wazazi wake walilia kwa sababu hakui, sasa anabadilishiwa watoi kwa sababu wanakua.

Mtoto wao wenyewe hawakuwahi kupata. Na mwaka 1878 wakaona kwa macho kile kingeweza kutokea. Minnie, dada mdogo wa Lavinia, alikuwa mfupi hata kuliko yeye. Alipata mimba, mtoto akawa mkubwa mno kwa mwili wake, na wote wawili wakafa wakati wa kujifungua.

Pesa aliitumia kama selebi yeyote wa kwetu. Boti la kifahari, farasi, sigara, nguo. Januari 1883 yeye na Lavinia walikuwa wamelala Newhall House, hoteli ya Milwaukee, ikashika moto usiku. Zaidi ya watu 70 walikufa. Wao wakaokolewa. Miezi sita baadaye, tarehe 15 Julai, akapigwa na kiharusi nyumbani kwao Middleborough, Massachusetts. Miaka 45. Watu kama 10,000 walikuja mazishi Bridgeport. Kwa kaburi kuna nguzo ndefu ya mawe, na juu kabisa sanamu yake, urefu wake kamili.

Ukiniuliza kama Cynthia na Sherwood walimuuza mtoto wao, nitakwambia ndiyo, na nitakwambia pia kwamba hawakuwa na duka lingine. Hicho ndicho kinanisumbua nikiona leo, hapa Nairobi, simu imewekwa kwa stendi na mtoi mwenye kimo kifupi anavalishwa suti, anaambiwa atukane, aongee kama mzee, watu wacheke, gifti ziingie. Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza kumtumia mtoto hivyo, na hospitali iko umbali wa matatu moja. Kuna hata chama cha watu wa kimo kifupi hapa Kenya ambacho kimekuwa kikipigania waitwe majina yao na si lile neno la dharau unalolijua. Mzazi wa siku hizi ana mlango ambao Cynthia hakuwa nao. Mwingine hajaambiwa tu uko wapi.

Lavinia aliishi hadi 1919. Aliolewa tena na jamaa mwingine mfupi, Muitaliano, akaendelea na jukwaa kwa sababu doh ya Charles haikubaki nyingi. Alipokufa alizikwa Bridgeport, kando ya mume wake wa kwanza, chini ya ile nguzo. Jiwe lake ni dogo. Halina jina lake, limeandikwa tu kwamba alikuwa mke wake.